SOMO: OILI YA GIABOKSI YA OTOMATIKI – INUNUE KWA JINA, USIINUNUE KWA RANGI



Katika somo hili tutazungumza juu ya oili inayotiwa ndani ya giaboksi ya gari la otomatiki, yaani gari lisilo na pedali ya klachi. Tumechagua jambo hili kwa sababu vikundi vingi vya akiba vimeanza kununua magari yaliyotumika. Gari la kikundi hubeba abiria na mazao, na usiku linaweza kumpeleka mama mjamzito hospitali. Giaboksi yake ikiharibika, akiba ya watu wengi hupotea kwa siku moja. Na mara nyingi kinachoiharibu ni oili isiyo yake, iliyotiwa na mtu mwenye nia njema.

1. Magari yetu yanatoka wapi?

Magari mengi tunayoyaona Kampala yalitumika kwanza nchini Japani. Hushushwa bandarini, kwa kawaida Mombasa, kisha huuzwa katika yadi za magari kama zile za upande wa Nakawa. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Lakini yale yaliyoingia kabla ya hapo bado yako barabarani, na ndiyo ambayo mfuko wetu unaweza kuyafikia. Kwa hiyo katika gereji moja utakuta Toyota ya mwaka 1992 imesimama karibu na nyingine ya mwaka 2006. Zote ni Toyota na zote ni otomatiki, lakini hazinywi oili moja.

2. Oili hii inafanya kazi gani?

Katika injini, kazi kubwa ya oili ni kulainisha. Katika giaboksi ya otomatiki oili ina kazi nne:

(a) Inalainisha gia na beringi.
(b) Inapoza. Katika magari mengi hupita ndani ya rejeta, hupoa, kisha hurudi.
(c) Inabeba nguvu. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kiitwacho tokokonveta. Injini huizungusha oili ndani yake, na oili huizungusha giaboksi.
(d) Inasukuma na kushikisha sahani za klachi zilizo ndani, ili gia zibadilike zenyewe.

Kazi hii ya nne ndiyo inayoleta tofauti kati ya oili na oili. Klachi hizo hufanya kazi zikiwa zimelowa. Oili ikiwa na utelezi mwingi kupita kiasi, klachi haishiki vizuri: injini inanguruma lakini gari haliendi, na sahani zinaungua. Utelezi ukiwa mdogo mno, gia huingia kwa kishindo, au gari hutetemeka kama linapita kwenye barabara ya makorongo hata likiwa juu ya lami. Kila kiwanda hupima utelezi unaofaa klachi zake, kisha huipa oili hiyo jina.

Zamani utelezi huo ulipatikana kwa njia ya ajabu: oili nyingi za otomatiki za Marekani zilichanganywa na mafuta ya nyangumi. Sheria za kuwalinda wanyama hao zilipokataza mwanzoni mwa miaka ya 1970, viwanda vililazimika kutafuta dawa nyingine na kuandika upya masharti ya oili zao.

3. Majina makuu ya oili

Dexron ni jina la kampuni ya General Motors ya Marekani, lililoanza mwaka 1968. Dexron II ilikuja mwaka 1973 na Dexron III mwaka 1993. Toyota na Nissan nyingi za miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 zilitengenezwa kwa Dexron II, na hizo zinaweza kutiwa Dexron III. Lakini fahamu hili: General Motors ilileta Dexron VI mwaka 2005, ikaacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006. Kwa hiyo mkebe wa leo ulioandikwa D-III unategemea uaminifu wa kiwanda kilichoujaza. Chagua kiwanda kinachojulikana.

Type T-IV ni oili ya Toyota nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000.

WS ni oili ya Toyota iliyoifuata T-IV. Ni nyepesi zaidi, na Toyota haikuitengeneza ili ichanganywe na T-IV.

Matic ni jina la oili za Nissan: Matic D, Matic J na Matic S. Honda ina Z-1, kisha DW-1. Mitsubishi ina SP-II na SP-III.

CVT ni jambo jingine kabisa. Giaboksi ya CVT haina gia za kupanda moja moja. Ina mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Oili yake ni ya CVT peke yake. Baadhi ya Toyota Vitz za kuanzia mwaka 2005 ni za namna hii, na kwa nje mtu hawezi kuzitambua. Ukitia oili ya otomatiki ya kawaida katika CVT, mkanda unaweza kuteleza na kukwaruza puli, na hapo hakuna dawa ila kubadilisha giaboksi.

4. Rangi si jina

Dexron ni nyekundu. T-IV ni nyekundu. WS ni nyekundu. Wekundu ni rangi tu iliyotiwa ili oili ikivuja ujue imetoka wapi. Hauelezi kilichomo.

Hata neno la dukani linaweza kukupoteza. Wauzaji wengi huita kila oili nyekundu "haidroliki". Ukimwambia muuzaji, "Nipe haidroliki lita moja," atakupa iliyo karibu na mkono wake, na hajakudanganya. Wewe ndiye hukumwambia jina.

Jina utalipata hivi:

(a) Fungua boneti, vuta kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Mara nyingi jina limechongwa juu yake, kwa mfano DEXRON II, T-IV au CVT FLUID. Kijiti hiki si kile cha injini.
(b) Kama maandishi yamefutika, tafuta kitabu cha gari, au chukua namba ya chasisi na namba ya modeli iliyo kwenye kibati ndani ya boneti. Muuza vipuri mzoefu, kama wale wa soko la Kisekka, anaweza kutafuta kwa namba hizo.
(c) Kama giaboksi iliwahi kubadilishwa, uliza ilitoka kwenye gari gani. Kijiti kinaweza kuwa cha gari la kwanza na giaboksi ikawa ya gari jingine.
(d) Magari mengi ya WS hayana kijiti. Hupimwa chini ya gari kwa bolti maalumu, oili ikiwa na joto lililotajwa na kiwanda. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo.

Ukishalipata jina, liandike kwenye daftari la gari na kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya boneti. Dereva akibadilishwa, jina libaki.

5. Kupima oili

Endesha gari dakika 15 hadi 20 ili oili ipate moto. Simama mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu. Pitisha mkono wa gia taratibu kutoka P hadi mwisho, kisha rudisha P. Acha injini ikinguruma. Vuta kijiti, kipanguse kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kivute tena na usome. Oili iwe kati ya alama mbili za HOT. Honda nyingi hupimwa tofauti: injini huzimwa kwanza, kisha hupimwa mara moja. Wakati wote funga nguo vizuri, maana feni haina huruma.

Iangalie na uinuse. Nyekundu safi ni nzuri. Kahawia ni ya zamani. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema klachi zimeanza kuungua. Ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa, maji ya rejeta yameingia. Usiendeshe gari hilo.

Ikipungua, ongeza robo lita, kisha pima tena. Oili ikizidi hutoa povu, na povu haliwezi kusukuma klachi. Na kumbuka kwamba oili hii hailiwi kama petroli. Ikipungua, inavuja. Tafuta inapovujia.

6. Kuchanganya: lipi linawezekana, lipi ni mwiko?

Hata unapobadilisha oili, unachanganya. Ukifungua bolti ya chini, kwa kawaida hutoka theluthi hadi nusu tu. Nyingine hubaki katika tokokonveta. Tuchukue mfano wa giaboksi inayobeba lita 8 na kutoa lita 4. Ukitia lita 4 mpya, nusu ni ya zamani. Ukirudia baada ya siku chache za kuendesha, inabaki robo. Ukirudia mara ya tatu, inabaki sehemu moja ya nane. Hii ni njia salama ya kusafisha giaboksi ya gari kuukuu, na pia ya kuondoa oili isiyofaa. Pima unayoitoa, uirudishe kwa kipimo hicho hicho. Usikubali isafishwe kwa mashine ya presha, kwa sababu uchafu uliotulia unaweza kwenda kuziba njia ndogo.

Sasa tuseme gari la kikundi linavuja mkiwa Masaka, kilomita zipatazo 130 kutoka Kampala, na kijiti kimekauka. Mfanyeje? Fuateni utaratibu huu:

Kwanza, tafuteni oili yenye jina lile lile.
Pili, ikikosekana, tafuteni oili ya magari mengi ambayo nyuma ya mkebe imeandikwa jina la oili yenu.
Tatu, kwa Toyota ya zamani ya T-IV, Dexron III kidogo ya kuwafikisha gereji ina madhara madogo kuliko kuendesha giaboksi kavu. Lakini baadaye ibadilisheni kama tulivyoeleza.
Nne, kama gari ni la CVT au la WS na oili yake haipo, msibahatishe. Simamisheni gari.

Mwiko kabisa ni oili ya injini, oili nzito ya gia na mafuta ya breki. Mafuta ya breki huvimbisha na kulainisha sili za mpira, na kiasi kidogo tu chatosha kuiharibu giaboksi.

7. Gari likivutwa

Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, magurudumu yanaweza kuzunguka huku giaboksi haipati oili. Kwa hiyo usivute gari la otomatiki kwa kamba safari ndefu. Inua magurudumu yanayoendesha gari, au fungua propela kama linaendeshwa na magurudumu ya nyuma, au lipakie juu ya lori. Pia gari hili haliwaki kwa kusukumwa. Msichoke bure.

8. Kabla ya kulipa

Mnaponunua gari, pimeni oili hii kabla ya kuhesabu fedha. Ikinuka kuungua, au gari likichelewa kuondoka ukiingiza D, oili mpya haitaliponya. Sahani zilizoungua hazirudi. Mnaponunua oili, angalieni kizibo kama kimefunguliwa, na nembo ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS. Msinunue ile inayopimwa kutoka kwenye jerikeni.

Oili chafu msiimwage mtaroni. Mfereji wa Nakivubo huingia katika ghuba ya Ziwa Viktoria, na karibu na hapo, Ggaba, ndipo inapochotwa sehemu ya maji ya kunywa ya Kampala. Iwekeni kwenye jerikeni, mpeleke kwenye gereji inayoikusanya.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Gari letu linatumia oili gani, na jina hilo limeandikwa wapi?
2. Kwa nini oili mbili nyekundu zinaweza kuwa tofauti?
3. Giaboksi inabeba lita 9, bolti inatoa lita 3. Baada ya kubadilisha mara moja, imebaki oili ya zamani lita ngapi?
4. Dereva wetu akikauka oili njiani usiku, anajua la kufanya?

Kama swali la kwanza halina jibu, anzeni nalo leo, kabla gari halijatoka tena. Msomeeni asiyejua kusoma.