Uraibu wa Wazee na Uraibu wa Vijana

Ndugu zetu wasomaji, neno hili “uraibu” sisi watu wa pwani tulikuwa nalo kabla halijachukuliwa na madaktari. Kwetu uraibu ni ile tambuu yenyewe na viungo vyake: popoo, chokaa, katu na tumbaku. Leo neno hilo hilo lina maana ya mtu kutawaliwa na kitu hata asiweze kukiacha. Lau tungalizingatia, tungaliona kuwa lugha imetutangulia kusema kweli.

Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka. Serikali kuu ikasema amri hizo hazina nguvu, kwani miraa ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha utekelezaji wake. Wengi wetu tulishangilia marufuku ile. Je, ni wangapi tulioshangilia na kijaluba cha tambuu kimo mfukoni?

Muguka huo hutoka Mbeere, ng'ambo ya mto Tana ukiwa Kitui, nao huteremka kwetu kwa barabara ipitayo Makueni: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Njia hiyo tumeipita mara nyingi, na Kitui mjini tumekaa kwa wenzetu Waislamu. Tuliyoyaona huko ni haya. Dereva wa lori hutafuna asisinzie. Kibarua hutafuna asihisi njaa, na Ukambani mvua ikikosa, njaa si jambo la kusimuliwa. Kijana asiye na kazi hutafuna ili jioni ipite. Mzee wa Kikamba naye ana ugoro wake, humtolea mgeni kabla ya mazungumzo. Tukajiuliza: huyu ana tofauti gani na mzee wetu barazani?

Kwani nani miongoni mwetu aliyeanza tambuu kwa kuitamani? Mtoto hutumwa dukani kununua popoo, akarudi akapewa kipande. Msichana humpondea bibi yake asiye na meno, akaonja. Posa haikamiliki bila ya sinia ya tambuu, wala arusi. Mwanamke ambaye sigara ingekuwa aibu kwake, tambuu huila mbele ya wakwe, akasifiwa kwa midomo yake myekundu. Uraibu huu umeingia kwa mlango wa mapenzi na ukarimu, na kwa hivyo ni mzito kuutoa kuliko ule wa vijana, ambao angalau wazazi huukemea.

Na wako wasemao: “Mimi situmii tumbaku, basi sina neno.” Hilo ni kosa. Wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, mwaka 1985 walithibitisha kuwa tambuu yenye tumbaku huleta saratani. Na katika kitabu chao cha mwaka 2004 wakaeleza kuwa hata isiyo na tumbaku huleta, na kwamba popoo peke yake ni kisababishi. Popoo ina dawa iitwayo arekolini, nayo ndiyo imfanyayo mtu arudie. Tena popoo hukakamaza nyama za ndani ya shavu hata mdomo ukawa haufunguki kupokea tonge.

Watu hutwambia hawawezi kuacha. Lakini mwezi wa Ramadhani huacha tangu alfajiri hata magharibi, na kazi zao hufanya. Ni kweli kwamba wengine adhana haijesha, mkono umekwisha fika kwenye kijaluba kabla ya kufika kwenye tende! Hata hivyo saa kumi na tatu si kidogo.

Katika darasa yetu tumeanza na sinia. Arusi mbili zilizopita wenyeji walikubali kuweka iliki, karafuu na halua mahali pa popoo. Baadhi ya mabibi walinuna. Mzee mmoja naye ameiacha popoo tangu mfungo uliopita. Kijaluba chake anacho, na ndani yake mna iliki.