Expósito: Jina la Ukoo la Aliyewekwa Nje

Majina mengi ya ukoo ya Kihispania humtaja baba, mahali au kazi. Fernández ni wa Fernando, Navarro ni mtu wa Navarra, na Herrero ni mhunzi. Jina tunalolichambua leo halitaji mzazi, wala kijiji, wala kazi. Ni Expósito, na linataja jambo ambalo mtu alitendewa akiwa mtoto mchanga, kabla hajajua kusema. Tumelichagua kwa sababu limepitia katika mikono ya Kanisa, na kwa sababu linagusa namna sisi wenyewe tunavyowaita baadhi ya watoto katika parokia zetu.

1. Asili na maana

Neno linatoka katika Kilatini: ex, yaani nje, na ponere, yaani kuweka. Expositus ni "aliyewekwa nje". Warumi wa kale walilitumia kwa mtoto mchanga aliyeachwa na wazazi wake afe au aokotwe na mpita njia.

Anayesoma Biblia ya Kilatini, Vulgata, atalikuta katika Matendo ya Mitume sura ya 7. Stefano, katika hotuba yake mbele ya Baraza, anasimulia jinsi Waisraeli kule Misri walivyolazimishwa kuwatupa watoto wao wachanga, na jinsi Musa naye alivyotupwa, kisha binti Farao akamchukua na kumlea. Neno linalotumika kwa Musa katika aya ya 21 ni hilihili. Kwa maana hiyo, yule aliyewatoa watu wa Mungu utumwani alikuwa expósito.

2. Jinsi lilivyokuwa jina la ukoo

Katika Hispania ya Kikatoliki watoto waliachwa milangoni pa makanisa na nyumba za watawa. Polepole zikaanzishwa nyumba maalumu za kuwapokea. Huko Toledo, Hospitali ya Santa Cruz ilitokana na wosia wa Kardinali Pedro González de Mendoza, aliyefariki mwaka 1495. Madrid ilipata nyumba yake, iliyojulikana kama Inclusa, katika karne ya 16. Ng'ambo ya bahari, Buenos Aires ilifungua nyumba ya watoto hao mwaka 1779. Mwaka uliofuata ilianzishwa matbaa ya kuitafutia nyumba hiyo kipato, kwa mtambo uliokuwa wa Wajesuiti wa Córdoba kabla hawajafukuzwa katika himaya ya Hispania mwaka 1767.

Nyumba nyingi za namna hii zilikuwa na torno, yaani kasha la mviringo lililowekwa ndani ya ukuta na kuzunguka. Mama alimlaza mtoto upande wa nje, akalizungusha na kupiga kengele, na mtu wa ndani akampokea mtoto bila kumwona aliyemleta. Wakati mwingine mtoto aliachwa na alama: karatasi, utepe, au nusu ya medali. Alama hiyo iliandikwa kwenye daftari, ili mama akirudi siku moja aweze kumtambua mwanawe.

Mtoto alibatizwa. Jina la ubatizo mara nyingi lilikuwa la mtakatifu wa siku hiyo. Jina la ukoo hakuwa nalo, kwa hiyo akaandikwa Expósito. Wengine walipewa majina kama de la Cruz, yaani wa Msalaba, au de Dios, yaani wa Mungu. Hata hivyo tusidhani kwamba kila mwenye jina la namna hiyo aliokotwa. Mtakatifu Yohane wa Msalaba alizaliwa Juan de Yepes, na jina la Msalaba alilichukua katika maisha ya utawa.

Haifai tuipambe historia hii. Nyumba hizo zilikosa maziwa na wanawake wa kunyonyesha, na watoto wengi sana walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Wanaobeba jina hili leo ni wazao wa wachache waliookoka.

3. Kuenea kwake

Waliookoka walikua, wakaoa au kuolewa, wakapata watoto. Mhispania hubeba majina mawili ya ukoo, moja la baba na moja la mama, hivyo jina lililoanza na mtu asiyejulikana wazazi likawa urithi wa familia nzima. Leo lina watu wengi katika jimbo la Andalucía na Visiwa vya Canary, na limefika Amerika ya Kilatini. Nchini Argentina ndugu wawili, Homero na Virgilio Expósito, walijulikana sana kwa kutunga nyimbo za tango.

Italia ina jina la mzizi huohuo, Esposito, ambalo chimbuko lake kubwa ni Napoli, ambako Nyumba ya Annunziata ilipokea watoto wa kuokotwa kwa karne nyingi. Leo ni miongoni mwa majina ya ukoo yenye watu wengi zaidi katika nchi hiyo.

4. Jina lililogeuka aibu

Jina lililokusudiwa kumtambulisha mtoto likawa pia alama ya kumnyooshea kidole. Mwaka 1794 Mfalme Carlos IV alitoa amri kwamba watoto hao wahesabiwe kuwa halali katika mambo yote ya kiraia, na kwamba anayewatukana kwa kuwaita wanaharamu aadhibiwe. Mwaka 1921 sheria ya Hispania ilimruhusu mwenye jina hilo kulibadilisha. Sheria ya mwaka 1957 ya kuandikisha raia iliagiza kwamba mtoto asiyejulikana wazazi apewe majina ya kawaida yanayotumiwa na watu. Wengine walibadilisha, na wengine wakabaki nalo.

5. Tunajifunza nini?

Aristotle anatufundisha kutofautisha kitu chenyewe na yale yanayokipata. Kati ya kategoria zake kumi, kutendwa ni moja, na ni tofauti na ile ya kwanza, yaani kitu chenyewe kilivyo. "Aliyewekwa nje" ni habari ya kutendwa. Inaeleza kitendo cha mtu mwingine, cha siku moja. Kosa linaanza pale tunapokichukua kitendo hicho na kukifanya kuwa jibu la swali "huyu ni nani?" Jibu la swali hilo ni nafsi yenye akili, kama alivyofundisha Boethius, na imani inaongeza: mwana wa Mungu kwa ubatizo.

Kiswahili chetu kina msemo unaokaribiana mno na Expósito: "mtoto wa nje". Nao unamtaja mtoto kwa tendo la wengine. Lakini pia tunasema "mtoto wa kuokotwa", na hapa lugha yetu imefanya jambo zuri, kwani inamtaja mtoto kwa mkono uliomwinua.

Kanisa nalo lilisafiri katika jambo hili. Kanuni za mwaka 1917 zilitaka wanaopokelewa seminarini wawe wana wa ndoa halali (Kan. 1363), na aliyezaliwa nje ya ndoa alihesabiwa kuwa na kizuizi cha daraja (Kan. 984). Kanuni za mwaka 1983 hazina tena masharti hayo. Zinaagiza kwamba mtoto aliyetupwa au kuokotwa abatizwe, isipokuwa uchunguzi makini umethibitisha kwamba alikwisha kubatizwa (Kan. 870). Zinaeleza pia jinsi ya kuandika ubatizo wa mtoto ambaye mama yake hajaolewa: jina la baba huandikwa tu ikiwa ubaba wake umethibitishwa kwa hati ya serikali, au yeye mwenyewe ametamka mbele ya paroko na mashahidi wawili (Kan. 877). Hakuna mahali zinapotaka mtoto aandikiwe neno la kumdhalilisha.

Hapa ndipo somo linapotugusa sisi mafrateri, makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Mama anapokuja ofisini peke yake kuomba ubatizo wa mwanawe, namna tunavyouliza "baba yake yuko wapi?" inaweza kuwa mlango unaofunguka, au kidole kinachonyooshwa. Tunaweza kutafuta habari zinazohitajika kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa, bila kutangaza lolote mbele ya wengine.

Tukumbuke pia kwamba Kanisa linalitumia neno hilohilo kwa heshima kuu. Ekaristi Takatifu inapowekwa wazi altareni ili iabudiwe, kwa Kilatini tendo hilo huitwa expositio. Aliyewekwa mbele yetu tunampigia magoti.

Maswali ya kujadili

1. Katika jumuiya yetu, ni watoto gani wanaoitwa kwa tendo la wengine badala ya jina lao?
2. Soma Mdo 7:17-22. Binti Farao alifanya nini ambacho sheria ya nchi yake haikumtuma kufanya?
3. Ofisi ya parokia yetu inampokeaje mama anayekuja peke yake? Ni jambo gani moja tunaloweza kulibadilisha mwezi huu?