Siku ya Wanyama Darasa la Kwanza: Mwalimu Anajibu

Walimu wengi wa darasa la kwanza wangependa kutenga siku nzima ya kufundisha kwa kutumia wanyama, ila wanasita. Vipindi vitatosha? Vifaa vitatoka wapi? Wazazi watasemaje? Mwalimu wa siku nyingi wa madarasa ya chini katika shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania anajibu maswali anayoulizwa mara kwa mara.

Mwalimu, mthibiti ubora akinikuta nafundisha mbuzi badala ya KKK, nitamwambia nini?

Mwambie unafundisha KKK. Tangu mwaka 2015 mkazo wa darasa la kwanza na la pili umekuwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na mbuzi anaingia kote humo. Andika andalio la somo kama kawaida, kila kipindi na lengo lake. Siku inaharibika pale watoto wanapoachwa kuchora simba tangu asubuhi hadi kengele ya kurudi nyumbani.

Nianze na twiga au na kuku?

Anza na kuku. Twiga ni mnyama wa taifa na kila mtoto anastahili kumjua, lakini wengi hawajamwona kwa macho, kwa hiyo watabaki kupokea unachowaambia. Kuku wanamjua wenyewe. Mtoto wa kijijini atakueleza kuku anayetafuta pa kutaga anavyohangaika, na yule aliyekaa kimya tangu Januari utamsikia akisema. Mjini kuna paka, kunguru na mijusi ukutani. Pwani kuna kaa.

Twiga aje mchana, kwa vipimo. Mtoto wa twiga huzaliwa akiwa na urefu wa karibu mita 1.8. Piga mstari wa chaki ukutani kwenye kimo hicho, kisha waambie wanafunzi wasimame chini yake mmoja mmoja.

Siku yenyewe ipangwe vipi?

Kipindi cha kwanza kiwe nje. Mwombe mzazi mmoja alete mbuzi mpole, afungwe kivulini, apewe maji, na arudishwe kabla jua halijawa kali. Usitangulie kueleza, uliza. Kila mguu una kwato ngapi? Mboni ya jicho imesimama au imelala? Akitafuna, taya linakwenda upande gani? Mwenye mbuzi amfunue mdomo wachungulie: mbele, taya la juu halina meno, kuna ufizi mgumu tu. Waache wabishane kwanza kuhusu namna anavyokata majani.

Mkirudi darasani, someni. Tanguliza kuku, paka, bata na popo, ambao silabi zao ni konsonanti moja na irabu moja. Mbuzi na ng'ombe wasubiri, kwa kuwa herufi zao zimeshikana. Kisha kila mtoto aandike sentensi moja ya jambo aliloliona mwenyewe. Sahihisha upatanisho bila ukali: kifaranga analia, si kifaranga kinalia.

Katika kuhesabu, usiishie kuuliza kuku watatu wana miguu mingapi. Geuza swali: nimeona miguu 8 uani, ni wanyama gani? Mmoja atasema mbuzi wawili, mwingine kuku wanne, mwingine mbuzi mmoja na kuku wawili. Akitokea wa kusema buibui, mpigieni makofi. Wote wamepata, na wote wamejumlisha.

Baada ya uji, wafinyange wanyama kwa udongo. Vidole vinavyofinyanga masikio ya sungura ndivyo vitakavyoshika penseli vizuri kesho. Malizeni kwa vitendawili na hadithi.

Nina watoto zaidi ya themanini na sina hata bango moja. Nifanyeje?

Wagawe makundi manne yanayozunguka: moja kwa mbuzi, moja kwenye vizibo vya kuhesabia, moja linaandika ardhini kwa vijiti, moja kwenye udongo. Omba wazazi wawili watatu wasimamie. Vipindi vya madarasa haya ni vifupi, kwa hiyo zoezeni kuzunguka siku moja kabla ili muda usipotelee njiani. Bango utalichora nyuma ya boksi.

Mwanangu anashika kila mnyama anayemwona. Hamtamzidishia?

Mama, hofu yako ni ya haki, na ndiyo sababu usalama ni somo la siku hiyo. Kila aliyemshika mnyama ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana hata kuku mwenye afya anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Mbwa asiyemjua haguswi. Mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto haguswi pia, hata akiwa wa nyumbani.

Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya bila kungoja dalili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mara huua. Chanjo inayotolewa mapema huokoa. Mwambie mtoto kwamba akikwaruzwa au akiumwa hatagombezwa. Wengi huficha kwa kuogopa viboko.

Hadithi za Sungura na Fisi hazimchanganyi mtoto? Wanyama hawasemi.

Hazimchanganyi ukimpa nafasi ya kutenganisha. Ukimaliza hadithi, uliza: lipi ni la hadithi, lipi ni la porini? Fisi wa hadithi ni mlafi mjinga anayengoja makombo. Fisi madoa wa kweli ni mwindaji hodari. Utafiti wa Hans Kruuk huko Ngorongoro na Serengeti katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba huua sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe, na kwamba Ngorongoro mara nyingi ni simba waliowanyang'anya fisi. Mtoto wa miaka sita au saba analielewa hilo, na anajifunza kupima anachosimuliwa.

Nitajuaje kwamba wamejifunza?

Usiwape mtihani siku hiyo. Kesho yake asubuhi, mpe kila mmoja neno moja ubaoni alisome, hesabu moja ya miguu aifanye, na umsikilize aeleze jambo moja kuhusu mbuzi ambalo wewe hukumwambia. Atakayekwama kwenye neno, rudi naye kwenye silabi wiki hiyo hiyo.

Nanyi wazazi, siku hiyo mtoto akirudi nyumbani akawauliza kwa nini mbuzi hana meno ya juu mbele, msimnyamazishe. Mpelekeni bandani mkaangalie pamoja.