Dondoo Muhimu: Kumleta Storm Chepilat

Storm, mhusika wa katuni za X-Men aliyeanza kuonekana mwaka 1975, mama yake ni Mkenya. Ukitaka kumtungia hadithi inayotokea Chepilat, soko la mpakani nchini Kenya:

• Chagua kipindi kimoja. Katuni za X-Men zilianza 1963. Huwezi kubeba zote.

• Heshimu udhaifu wake. Storm hutawala hali ya hewa, lakini huogopa kufungiwa mahali finyu.

• Tumia mazingira ya hapa. Mvua ya mawe huchanachana majani ya chai. Mchumaji, kikapu mgongoni, hukosa kipato. Hapo pana kisa.

• Sikiliza soko. Chepilat ipo mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira: changanya Kikipsigis, Ekegusii na Kiswahili.

• Usiuze hadithi yako. Wahusika ni mali ya Marvel. Andika kwa mapenzi.