SOMO LA HESABU: FAIDA YA NDANI YA MASHINI NA FAIDA YA MKONONI

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya faida, maana wengi wetu tunaiona kwenye simu za wakubwa tukifikiri ile ni feza tayari.

Hapa kwetu Mpofi mtu akinunua ndama, na mwaka unaofuata bei ya ngombe ikapanda, atasema amepata faida. Lakini ngombe iko bado malishoni. Inaweza kuugua, inaweza kuibiwa. Hisa ni vile vile. Hisa ni fungu dogo la kampuni. Mwenye kuinunua anakuwa mmoja wa wenye kampuni, na bei yake inapanda na kushuka kila siku ya soko.

Tuchukue bei za kweli. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu Safaricom, kila moja shilingi 5. Tuseme mjomba wetu alikuwa Nairobi, akapata hisa 2,000. Alitoa shilingi 10,000. Mwaka 2021 bei ilipita 40. Mjomba anafungua programu ya hesabu za nyumbani, inamwandikia: mali 80,000, faida 70,000. Anapiga simu Mpofi: watoto wote nitawalipia masomo! Basi, mwisho wa 2023 bei ilikuwa karibu 14. Mashini ile ile inaandika: mali 28,000, faida 18,000. Nani ameiba zile 52,000? Hakuna mtu. Hazikuwa mkononi hata siku moja.

Tuangalie ginsi programu inavyofanya. GnuCash, ambayo inapatikana bure, ina hesabu ya pekee kwa hisa: unaandika idadi, bei ya kununua, na malipo ya wakala. Bei ya leo inakaa pembeni, katika orodha ya bei. Ukiisahau miezi 6, programu itaendelea kukuhesabia kwa bei ya zamani bila haya. Katika ripoti, faida ya kilichouzwa na ya kisichouzwa zina safu mbili. Kama mjomba angaliuza hisa 1,000 kwa 40, safu ya kwanza ingekuwa na 35,000 (yaani 40,000 kutoa 5,000), na hiyo haishuki tena. Safu ya pili, mwisho wa 2023, ingekuwa na 9,000.

Kuna jambo lingine, na kwetu ndilo kubwa: shilingi nazo zinapoteza nguvu. Wazee wetu hawahitaji kufundishwa hili, mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani ziligeuka zaire mpya 1. Mwaka 2008 dola 1 ilikuwa shilingi 60 na kitu. Mwisho wa 2023 ilipita 150. Kwa hiyo mjomba alitoa karibu dola 160, na baada ya miaka 15 hisa zake zote 2,000 zilikuwa karibu dola 180. Programu haisemi uongo, lakini mtoto anayedaiwa minervali anaona dola 20 tu! Gawio ambalo kampuni inawapa wenye hisa hatukulihesabu. Lenyewe huandikwa peke yake kama mapato, sababu linaingia mkononi kweli.

Zoezi: mjomba aliuza hisa 500 kwa 40, na 500 kwa 14. Zilizobaki ziko kwa 14. Jazeni safu zote mbili ndani ya kaye, mumpelekee mwalimu wa hesabu.