Anacheka, Kumbe Anaumwa

Wazee wa Tanga na Pangani hawahitaji kuambiwa Bi Shakila Said alikuwa nani. Mama huyu mzaliwa wa Pangani, aliyeimba na vikundi vya taarabu vya Tanga, Black Star na Lucky Star, alifariki dunia mwaka 2016, lakini wimbo wake "Macho Yanacheka" haujasahaulika. Ni wimbo wa mapenzi, ila sisi wa ukurasa wa afya twaupenda kwa sababu nyingine. Unamsema mtu ambaye usoni ana furaha na ndani hana. Mtu wa namna hiyo huenda ana ugonjwa wa sonona.

Sonona si huzuni ya kawaida. Aliyefiwa hulia, watu hukaa naye matanga, na siku zikipita hurudi shambani au baharini. Mgonjwa wa sonona huzuni haimwachi kwa wiki mbili na zaidi, pengine bila sababu anayoweza kuitaja. Huamka saa tisa usiku asipate tena usingizi, chakula hakina ladha, kazi aliyoipenda humchosha kabla hajaianza, na hujiona mzigo kwa watu wa nyumbani. Wengi huku kwetu hawasemi wana huzuni. Husema kichwa chauma, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu. Hupimwa malaria mara tatu, isionekane. Mbele ya wageni hujikaza na kucheka, kwani nani apenda kuitwa kichaa? Kisha taratibu hujitenga: leo haendi kwenye jumuiya, kesho hapokei simu, keshokutwa mlango umefungwa mchana kutwa.

Kujifungia huku hakuko pwani yetu tu. Mwaka 1979 kundi la muziki wa roki la Uingereza, Pink Floyd, lilitoa albamu iitwayo The Wall, yaani Ukuta, kuhusu mwimbaji aliyejijengea ukuta wa moyoni asifikiwe na mtu. Katika wimbo mmojawapo, "Comfortably Numb", daktari anamdunga sindano. Hamdungi ili apone, bali apate kusimama jukwaani na onyesho liendelee. Sindano hiyo hata sisi tunayo. Kijana aliyenyamaza hupewa gongo kidogo ati achangamke. Mama hununuliwa vidonge vya usingizi bila cheti cha daktari, mradi asubuhi aende sokoni. Ugonjwa uko palepale, na pombe huuzidisha.

Basi tufanyeje? Keti naye mkiwa wawili, bila haraka, mwulize anaendeleaje, kisha nyamaza umsikilize. Usimwambie ajikaze, amekwisha kujikaza kupita kiasi. Wala usimwambie imani yake ni haba. Mwenye malaria hatumwambii hivyo. Akisema maisha hayana maana, au akianza kugawa vitu vyake, mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Watu huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Halimtii, mara nyingi humpunguzia mzigo. Akikubali kwamba anafikiri hivyo, asiachwe peke yake hata kidogo, dawa na sumu za shambani ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Matibabu yapo. Wengi husaidiwa na mazungumzo na mtaalamu. Wengine huhitaji vidonge pia. Vidonge hivi si kama panadol: nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana, na haifai kuviacha ghafla bila kumwuliza daktari, hata mgonjwa akijiona mzima. Anzieni kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Bombo kwa walio mjini. Kule Lutindi, wilaya ya Korogwe, iko hospitali ya magonjwa ya akili ya ndugu zetu Walutheri, mahali palipoanza mwaka 1896 kwa kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani. Huko wagonjwa hushiriki kazi za shamba, wasikae bure wakihesabu boriti.

Naye akirudi nyumbani, mrudishieni kazi zake kidogo kidogo, na wala msimtengee sahani yake. Ale sinia moja na wenzake.