SOMO: Jiko la Kubeba Mlimani

Vikundi vya upande wa Naro Moru, Sirimon na Chogoria vinavyobeba mizigo ya wageni kwenda Mlima Kenya vina swali linalorudi kila msimu: tukichanga pesa, tununue jiko gani?

Kuni tuziondoe kwanza. Kuwasha moto wa kuni mle mbugani ni marufuku, na aliyeuona moto wa Machi 2012 ukila nyasi za juu hahitaji kuelezwa zaidi. Stovu ya utambi, ile ya kila nyumba, nayo ni nzito, upepo huishinda, na mafuta humwagika njiani hadi unga unanuka. Basi yabaki mawili: gesi ya mkebe na stovu ya mafuta ya taa ya kupampu.

Gesi ni nyepesi na huwaka mara moja. Shida ni baridi. Gesi ya byuteni hukataa kuwa mvuke ikikaribia nyuzi 0, na pale Shipton's, kama mita 4,200, usiku maji huganda. Alfajiri ya kupanda Lenana mkebe bado una gesi, lakini moto ni kama wa mshumaa! Mkebe uliochanganywa na propeni huvumilia zaidi. Hata hivyo, mtupu sharti urudi nao chini, na duka la kijijini halina mwingine.

Mafuta ya taa yapo kila soko. Ila stovu ya pampu lazima uipashe moto kwanza kwa spiriti kidogo, usubiri, ndipo upampu. Asiye na subira hupata moto mrefu wa manjano na masizi. Sindano ya kuzibua isisahaulike. Kwa kikundi kinachopikia watu wengi siku 4 au 5, sisi twaichagua hii. Kwa watu wawili wa siku mbili, gesi yatosha.

Kabla ya kulipa, jaribuni. Pimeni jiko pamoja na mafuta kwa mizani ya duka. Chemsheni lita moja ya maji nje penye upepo, kisha mpime tena mjue mafuta yaliyotumika. Zidisheni kwa lita mtakazochemsha safari nzima. Huo ndio mzigo halisi. Na kumbukeni, huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe hayaivi. Yapikwe nyumbani, ama mbebe unga.

Jambo moja hatutalipunguza. Jiko lolote, hasa la makaa, lisiingizwe ndani ya hema ati kwa sababu ya baridi. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulala asiamke. Kichwa kikianza kuuma na kizunguzungu, msiseme ni mlima tu: zimeni jiko, fungueni hema, mtoeni mwenzenu nje mara moja.